Mpanga Viatu wa Zawia ya Jabe

Alhamisi moja, kabla vita havijafika mtaani kwetu Jabe, nilikuwa nimenuna mlangoni mwa zawia, napanga viatu vya watu walioingia kwenye dhikri. Mguu mbovu ulikuwa umenitoa jeshini, lakini cheo changu cha ajida nilikigandamia. Asiyeniita Ajida sikumwitikia, hata mke wangu.

Kazi ile nilipewa na Mwalimu Saidi, kiongozi wetu wa dhikri. "Cheo iache inje," aliniambia. "Shika viatu ya wenzako, ndiyo dawa yako."

Nilivipanga kwa hasira, safu zimenyooka, visigino sawasawa, kama askari kwenye gwaride. Miezi ikapita, hasira ikaisha, nikaipenda kazi. Safu tu ndizo zilibaki zimenyooka.

Kisha vita vikafika. Vijana wenye bunduki wakaanza kusaka askari wastaafu nyumba kwa nyumba.

Walitukuta alasiri, dhikri ikiendelea.

Mkubwa wao alivitazama viatu. "Nani alipanga hivi? Hii ni kazi ya musoda, mutu wa jeshi."

"Ni mi," nikasema, nimechuchumaa.

Ghafla akafoka: "Garde-à-vous!"

Amri hiyo ya kusimama wima ilikuwa imeninyoosha mgongo maisha yangu yote ya jeshi. Alikuwa anangoja visigino vyangu vinisaliti.

Havikugusana. Mkononi nilikuwa na ndala ya mtoto, mkanda umechomoka. Niliendelea kuurudisha.

"Ajida wa mutaa huu iko wapi?" akamuuliza Mwalimu, aliyekuwa ametoka peku.

"Apana Ajida hapa, mwanangu. Huyu ni mutu wa viatu."

Wakaondoka. Mwalimu hakuwa amesema uongo, na mimi, Mungu anisamehe, nilicheka kwa furaha.

Amani iliporudi, mtu alisimama nyuma yangu pale mlangoni akaita, "Ajida!" Sikugeuka. Akaita tena, kisha akanigusa bega. Alikuwa Zakaria, wa kikosi changu. Machozi yalimtoka, akidhani nimemsahau.

"Apana, Zakaria. Sijakusahau."

Akanitajia wenzetu mmoja mmoja, na jinsi kila mmoja alivyokufa. Katika wote walioniita Ajida kambini, alikuwa amebaki yeye peke yake. Niliwalia wenzangu wale, na bado nawalia. Ajida sijawahi kumlilia.

"Karibu ndani, ndugu yangu," nikamwambia, nikainama kumfungua buti.