Ng'ombe Mwenye Maswali

Mimi ni mtu wa maoni. Wengine huku kwetu wamejaliwa mashamba makubwa, wengine sauti ya kuimbia kanisani, mimi nikajaliwa maoni, na tangu nipate simu yenye intaneti sijawahi kulala nayo moyoni. Nina saiba ndogo, kiduka cha kompyuta na intaneti, hapa Sotik, kando ya barabara ya kwenda Kisii, ambapo watu huja kuchapishiwa barua za kuomba kazi na kusaidiwa na mambo ya serikali ambayo siku hizi yote yamehamia mtandaoni. Wateja wakipungua, naandika. Nimeandika kuhusu televisheni pana kuliko ukuta, zinazonunuliwa na watu ambao stima yao hupotea kila mvua ikinyesha, na huku kwetu mvua hainyeshi kwa kubahatisha. Nimeandika kuhusu mheshimiwa aliyetua na helikopta kwenye uwanja wa shule, akahutubia kwamba anajali elimu, wakati watoto wote walikuwa nje ya madarasa wakiitazama helikopta. Nimeandika kuhusu simu zenye kamera tatu mikononi mwa watu wasioweza kukupigia, wanaokutumia tu ujumbe wa "nipigie".

Nilisomwa. Wengi walicheka, wengine walinitukana, na mimi matusi huyahesabu kama kusomwa. Lakini kulikuwa na msomaji mmoja aliyenikosesha raha. Hakuwa na jina, alikuwa na herufi mbili tu, na mahali pa picha ya mtu aliweka uso wa ng'ombe wa gredi, wale wa maziwa mengi, mweusi, mwenye doa jeupe lililopinda kutoka kwenye paji na kuishia juu ya jicho la kushoto. Huyo ng'ombe hakuwahi kunisifu wala kunitukana. Aliuliza tu. Kwenye televisheni aliuliza: "Uliingia kwa hiyo nyumba ukakuta wanaangalia nini?" Kwenye helikopta: "Mwalimu mkuu yeye alisema nini?" Na nilipoandika kuhusu mursik, maziwa yetu ya kugandishwa kibuyuni, lakini ya kiwandani, ile inayouzwa kwenye chupa ya plastiki iliyochorwa kibuyu, nikaiita maziwa yaliyokosa malezi, ng'ombe aliuliza neno moja: "Umeonja?"

Sikuwa nimeonja. Nilifunga saiba nikaenda nikanunua chupa moja, nikainywa nimesimama nyuma ya duka nisionekane. Haikuwa mbaya, na hilo liliniudhi zaidi ya matusi yote ya mwaka ule.

Basi nikaanza kumwaza. Kuna siku nilimfanya mwalimu mstaafu, kwa vile alivyouliza bila kujali kama nitajibu. Kuna siku nilimfanya askari. Niliingia kwenye ukurasa wake nikitafuta hata picha ya kuku, nikakuta hakuna kitu, ng'ombe tu. Mtu wa namna hiyo anakaa wapi, anakunywa chai na nani, kwa nini anasoma kila nilichoandika kama hakipendi? Na kama anakipenda, mbona hasemi?

Wakati huohuo nilikuwa nimempata msichana. Alikuwa anapima maziwa kwenye kituo cha kukusanyia, na alikuja saiba kuchapisha tangazo la kuwaonya wakulima wasiongeze maji. Nilimwambia tangazo lake ni la upole mno. Akaniambia wanaoongeza maji wanajijua, na wasioongeza hawafai kugombezwa. Nilikaa na jibu hilo siku nzima. Tulipozoeana aliniambia kwamba kwao, mbele ya Merigi, watu hunisoma. Nilidhani ananisifu.

Ikafika siku ya kwenda kuposa. Asiyejua desturi yetu aelewe hivi: hii si koito yenyewe, ile sherehe kubwa ya uchumba. Hii ni ziara ya kwanza, ya wazee kwenda kuulizia, na watu wakikataliwa, hapo ndipo hukataliwa. Na siku hiyo kijana haongei. Anakaa karibu na mlango akitazama magoti yake, na wazee wa pande zote mbili wanamjadili kana kwamba hayupo. Msemaji wetu alikuwa mjomba wangu, ndugu ya mama, mtu anayeweza kuzunguka jambo hadi jambo lenyewe lichoke. Njiani kutoka kwetu Boito alinikumbusha mara kadhaa kwamba mdomo wangu nimeuacha nyumbani.

Tulikaribishwa vizuri. Tulipita kando ya zizi kuelekea nyumba kubwa, na hapo ndipo nilipomwona. Alikuwa amesimama anacheua, mweusi, na doa jeupe limepinda kutoka kwenye paji hadi juu ya jicho la kushoto. Nilisimama. Mjomba alinivuta kwa kiwiko akidhani naogopa, na kweli niliogopa, ila hakujua ninachoogopa. Msomaji wangu alikuwa katika boma hili. Nilikuwa nimekuja kuomba mke kwa mtu aliyejua kila nilichowahi kusema bila kukichunguza.

Ndani, nilianza kuwakagua wazee mmoja mmoja nikisahau magoti yangu. Baba wa msichana alikuwa mtu mkimya mwenye kipara kinachong'aa. Sikumwona akishika simu. Msemaji wao, ndugu yake mdogo, alikuwa na simu mbili mezani. Niliamua ni yeye. Mursik ililetwa, ya kibuyu, yenye vipande vidogo vya mkaa wa mti, na mjomba akaanza safari yake ya maneno, kwamba tuliona moshi wa boma hili kutoka mbali tukajua hapa kuna watu. Aliendelea hivyo hadi vikombe vikaisha.

Msemaji wao alimshukuru, kisha akavaa miwani, akachukua simu moja, akasoma. Nilitambua sentensi ya kwanza kabla hajaimaliza. Ilikuwa ile niliyoandika kuhusu koito za siku hizi na droni, ile kamera inayoruka, baada ya kuona video fulani iliyosambaa. Nilikuwa nimeuliza kamera ya angani ni ya kazi gani kwenye uchumba, kama si kuonyesha ulimwengu mabati ya paa na vipara vya wazee.

 Alipomaliza, msemaji aliweka simu chini taratibu.

"Hiyo droni ilikuja hapa," alisema. "Koito ya dada yake huyu. Hizo vipara ni zetu."

Baba wa msichana alipitisha mkono kichwani, nadhani bila kujua.  Msemaji hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema wao si watu wa kukasirikia kicheko. Shida yao ilikuwa moja: mtoto wao anaenda kukaa na mtu ambaye kila kitu anachokiona kinaenda nje. Watu wawili wakikaa pamoja lazima siku moja wakosane, hata kama ni juu ya chumvi. Siku hiyo, je, wao wataambiwa na mtoto wao, au watasoma pamoja na kaunti nzima?

Hapo nilijua kwamba ninaweza kumkosa. Nilikuwa nimejiandaa kwa maswali ya ukoo, ya shamba, ya kanisa. Hili sikulijua, na lilikuwa swali zuri. Ningeombwa mimi kumwoza dada yangu, ningeuliza hilohilo.

Mjomba aliona mambo yanaharibika, akafanya alichofanya kwa upendo. Alikohoa akasema kwamba hayo maandishi si yangu. Alisema siku hizi kuna vijana wabaya wanaingia kwenye simu za watu na kuandika wanachotaka, na kwamba mimi mwenyewe nimelia sana kuhusu jambo hilo. Wazee wetu wakaitikia kwa vichwa.  Nikinyamaza, nimekubali uongo katika nyumba ninayotaka kuingia kama mtoto. Nikiongea, nimemvua mjomba nguo mbele ya watu na nimevunja desturi siku ambayo desturi ndiyo inatazamwa.

Mlango wa upande wa jikoni ulifunguka, akaingia shangazi wa msichana.

"Kuna swali imetoka jikoni," alisema. "Wanataka kijana ajibu mwenyewe."

Mjomba alianza kueleza kwamba hilo halifanywi. Baba wa msichana, aliyekuwa hajasema lolote tangu salamu, alisema, "Ajibu." Shangazi akaunganisha mikono mbele yake, akalitoa swali jinsi alivyotumwa.

"Ameandika juu ya simu, ameandika siasa, ameandika maziwa, ameandika vipara ya wazee. Huyu msichana amejuana na yeye hiyo wakati yote, na hajaandika yeye hata neno moja. Ni kwa nini?"

Nililijua swali hilo. Sikumjua aliyeliuliza, lakini ningelitambua popote, lisilo na sifa wala tusi, limesimama tu pale likingoja. Msomaji wangu hakuwa msemaji wao. Alikuwa jikoni, nyuma ya ukuta ule, na mimi nilikuwa nimepoteza muda wote nikikagua wanaume.

Nilisimama. Kwanza nilimwomba mjomba msamaha, nikasema maandishi yote ni yangu, hakuna aliyeingia kwenye simu yangu. Sikumtazama usoni. Kisha nikatafuta jibu, na ajabu ni kwamba sikuwa nimewahi kujiuliza. Ni kweli sikuwa nimemwandika. Haikuwa kwa sababu ya siri wala heshima. Kila nilipokaa kuandika juu yake sikupata pa kuanzia, kwa kuwa kila siku alisema kitu ambacho sikukitarajia.

"Hayo mengine yote nilikuwa na maoni," nilisema. "Yeye sina maoni. Yeye bado nina maswali tu."

Nilikaa. Jikoni palikuwa na mlio wa sufuria tangu tulipofika. Sasa ulikuwa umekoma. Msemaji wao alivua miwani, akasema wamesikia, watakaa kama familia, watatuma neno. Wanaokubali husema hivyo na wanaokataa husema hivyohivyo. Tulikunywa chai, tukaomba, tukaondoka. Msichana nilimwona kwa mbali tu, amesimama kwenye zizi na mama yake, mwanamke mfupi mwenye leso kiunoni, aliyekuwa akimshika yule ng'ombe sikio. Mama alinitazama kama mtu anayemalizia kusoma.

Kwenye pikapu nilikaa mbele na mjomba. Mtandao ulitupotea bondeni, na tulipopanda mlima ukarudi na simu yangu ikalia, na mjomba akasema kwa uchungu kwamba hata leo, hata leo. Nilifungua. Chini ya yale maandishi ya droni, katikati ya watu waliokuwa bado wanacheka vipara wasivyovijua, ng'ombe alikuwa ameandika. Kwa mara ya kwanza hakuuliza kitu.

"Hayo maswali haiishangi. Mimi ya baba yake bado naendelea nayo. Karibu nyumbani."

Nilisoma hadi macho yakajaa. Mjomba aliniuliza kuna nini huko kwa simu. Mezani kwao wazee walikuwa bado wanajadiliana, neno lilikuwa halijatumwa, na halikuwa langu kulitangulia. Nikamwambia hakuna kitu. Niliizima simu nikaiweka mfukoni, nikiwa na habari kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na nikakaa nayo hadi wazee walipokuja wenyewe kuniambia.