Volti Tisa za Redio ya Tata

Safari yangu ndefu kuliko zote katika wiki ni kutoka kitandani mpaka barzani, na hata hiyo huikatisha kwa kupumzika sebuleni. Vijana wa rika langu wako kwenye mashimo wanachimba kobalti. Mimi nimebaki hapa Kolwezi na mama, na redio ya marehemu tata, baba yetu.

Redio hiyo inakula mawe sita makubwa, yaani betri za tochi. Enzi zile, tata akitoka mgodini alikuta mama ameyaanika juu ya manjanja, yale mabati ya paa la jiko, ili joto liyarudishie nguvu. Kabla ya kuyaingiza, mama aliyapima moja moja kwa kiampule, balbu ndogo ya tochi, na sisi watoto tulipigania kukishika. Mpaka leo, misa ya redioni ikiisha, mama hurudisha sindano pale tata alipoweka alama kwa rangi ya kucha. Kituo alichokisikiliza kilishakufa. Ni mvumo tu.

Ila mawe ya siku hizi hayafiki mwisho wa mahubiri. Mama akasema, bila kunitazama, "Batoto ba wengine banatengenezaka bitu." Iliniuma. Nina diplome ya sekondari, upande wa umeme, na iko ukutani.

Nikaamua kuilisha redio kwa chaja ya USB-C. Chaja hizi zina tabia ya tata mezani. Bukari, ugali wetu, alimpa kila mtu, lakini kipande cha pili cha nyama ilibidi mama akuombee. Chaja nayo humpa yeyote volti tano. Redio inataka tisa, na kuna chipu ndogo kama punje ya mchele ambayo kazi yake ni kuomba.

Yaya, dada yangu mkubwa anayeuza bitenge, aliniletea vibao viwili kutoka Lubumbashi, kila kimoja na chipu yake. Ya kwanza unaichomea kizuizi kimoja cha umeme, inaomba tisa maisha yake yote. Ya pili unaiandikia kwa kompyuta, nayo huomba volti yoyote utakayo.

"Utatia gani?" akauliza yaya.

"Ya pili. Iko na akili."

"Radio iko moja, volti iko moja. Akili ya nini?"

Nikachukua kibao cha pili. Mtu mwenye diplome ukutani hachagui chipu ya wajinga.

Karatasi ya maelezo ya chipu hiyo ilikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza changu kinaishia kwenye salamu. Nikaamini kiwandani walishaiandikia kitu cha wastani. Kipimo changu cha umeme, naona haya kusema, kilikuwa kimekufa jiwe. Nikashika waya za redio. Mama akaweka kiganja juu ya redio.

"Pima kwanza na ampule."

"Mama, hii haiko mawe. Ni elektroniki."

"Tukiichoma hii, tata yako hana tena kitu cha kusema mu hii nyumba. Pima na ampule."

Yaya akatoa kiampule cha taa ya kona ya pikipiki, cha volti kumi na mbili. Nikakiunga kwenye kibao, nikachomeka chaja. Kikawaka cheupe kama radi, kikalia ti, kikawa cheusi. Ile chipu yenye akili, usipoiandikia, huomba volti nyingi kuliko zote: ishirini.

Mama alibeba redio kifuani kama mtoto mwenye homa, akaenda nayo chumbani.

Kesho yake nilichomea chipu ya wajinga. Ampule nyingine ikawaka taratibu, rangi ya chai. Mama akairudisha redio mwenyewe. Hakutafuta misa. Alizungusha sindano mpaka kwenye alama, mvumo ukaja, na ndani yake mlio mwembamba.

"Kuna mbu," akasema.

"Ni chaja, mama. Nitaitafutia dawa."

"Acha. Tata yako naye alikuwa anakoroma."