Almasi Badala ya Mbuzi

Kisilu wa Kyuso alikuwa na elimu ya mawe ambayo, kwa maneno yake mwenyewe, hakuna mwingine aliyekuwa nayo kuanzia Mto Tana hadi Makindu. Aliipata kwa kichwa: miaka miwili aliwabebea wapima madini magunia ya mawe juu ya kichwa hicho hicho. Wenzake walirudi na shingo fupi. Yeye alirudi na mdomo mrefu.

Mwaka 1971 akataka kumwoa Mutindi, mwalimu wa darasa la tano. Kwanza kuna ntheo: mbuzi watatu kwa baba wa msichana, na wasipotimia, hakuna uchumba. Kisilu alikuwa na wawili. Wengine kiangazi kilikuwa kimewamaliza.

"Mahali pa wa tatu naweka almasi," akawaambia wazee waliomsindikiza. "Mtaona nitakavyoshukuriwa."

Mzee Ndululu, baba yake Mutindi, akawafungua mbuzi wawili midomo, akakagua meno, akaridhika. Mmoja akachinjwa hapo hapo. Ndipo Kisilu akafunua kitambaa. Jiwe angavu, kubwa kama kidole gumba, limechongoka.

"Hili nalo nalifungua wapi?" mzee akauliza.

Swali hilo Kisilu alikuwa akilingoja tangu azaliwe. "Mzee wangu, jiwe halina meno, lakini lina tabia. Weka shavuni. Baridi, sivyo? Na jua lote hili! Sasa lipulizie pumzi. Umeona ukungu ulivyokimbia? Na hapa tazama."

Kabla hajazuiwa, akalipitisha jiwe kwenye kioo cha dirisha, dirisha la pekee lenye kioo kijiji kizima. Krrr! Alama kutoka pembe hadi pembe.

"Asi! Dirisha langu!" Mama Mutindi akalia kutoka jikoni.

"Nitakununulia kumi, mama! Almasi haishindwi na kitu. Chuma? Chuma mbele yake ni uji."

"Chuma ni uji," mzee akarudia polepole. "Mama Mutindi, hebu niletee nyundo."

Kisilu akaitazama nyundo ikija. Alikumbuka, tena vizuri sana, mpima mmoja akisema kwamba almasi hukwaruza kila kitu lakini ikigongwa hupasuka, kwa kuwa ndani ina njia zake kama ubao. Lakini angesemaje sasa, na uji wenyewe ameshaukoroga, na Mutindi amesimama mlangoni amekunja mikono?

"Gonga, mzee," akasema. Sauti ilitoka nyembamba kama ya yule mbuzi aliyebaki.

Pa! Vipande vikaruka. Kimoja kikatua kwenye sufuria ya nyama.

"Mnaona?" Kisilu naye akaruka. "Hiyo ndiyo dalili ya almasi ya kweli! Ni ngumu kukwaruzwa, lakini nyundo huipasua."

Wazee walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mzee Ndululu hakucheka. "Kwa hiyo ulijua, ukaniacha nivunje mali yangu mwenyewe?"

Kisilu akainama kuokota vipande.

"Haikuwa almasi, baba," Mutindi akasema. "Almasi ambayo haijachongwa hupenda kuwa na pande nane, kama piramidi mbili zilizobandikwa kitako kwa kitako. Hilo lilikuwa na sita, kama penseli. Ni jiwe la kawaida, mtoni yamejaa, na kioo linakwaruza vizuri tu."

"Ulijua tangu lini?" Kisilu akauliza.

"Siku uliyonionyesha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Mzee akarusha nyundo kando. "Kijana, nyama ikiiva kabla sijaona mbuzi wa tatu, ondoka na huyo mmoja aliyebaki, na huyu aliyechinjwa tutasema alikuwa kitoweo cha wageni tu."

Kisilu hakuaga mtu. Alikimbia hadi kwa Muli, jirani mwenye mbuzi wengi na huruma kidogo. Muli akakubali: mbuzi mmoja kwa wiki mbili za kung'oa ndengu shambani mwake. "Na kazini," akaongeza, "sitaki kusikia habari ya mawe."

Nyama ilikuwa ikitolewa motoni Kisilu alipotokea, mbuzi begani, anahema kuliko mbuzi. Mzee akapokea kamba. Uchumba ukawa.

Kesho yake Kisilu akaanza kulipa, kimya, mgongo unawaka. Siku ya nne mkono wake uliibuka na kijiwe chekundu, kizito, chenye pande nyingi. Akakitazama. Akamtazama Muli. Akakitia mfukoni, akaendelea kung'oa.

Jioni alikipeleka kwa Mutindi. Akakiweka kiganjani mwake, akaketi, akangoja Mutindi ahesabu pande.