Maharage ya Skola

Juzi, katika ofisi moja hapa Kasulu, niliona kompyuta imefunikwa kitambaa cha kufuma. Nikamkumbuka Skola, mwenzangu wa darasani kule Kibondo. Alikuwa haoni, na mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono.

Muhula mzima Skola alijifunza kuandika kwenye kipande cha boksi. Mwalimu alikuwa amekibandika maharage, kila harage herufi yake, kama vitufe vya kompyuta. Kompyuta yenyewe, ile ya msaada, inayomsomea asiyeona anachoandika, ilifungiwa ofisini, imefunikwa kitambaa isiingie vumbi.

Wafadhili walipokuja na kamera, ikatolewa. Mchana ule ulinuka mihogo iliyolowekwa. Skola akaandika jina lake polepole, kisha akatega sikio.

"Mbona haisemi, mwalimu?"

"Inakusikiliza kwanza. Wewe tabasamu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake. Kioo kilikuwa cheusi, na waya umeviringishwa pembeni, haujachomekwa popote. Sikushangaa. Nilidhani kompyuta ya asiyeona haina haja ya kuwaka, kama bibi yake alivyokuwa hamwashii taa.

Wageni walipiga makofi, wakaondoka. Mwalimu akarudisha kitambaa. "Basi, toa mikono, utaichafua."

Njiani Skola alinibana vidole. "Labda nimekosea jina langu."

Nilimjibu kwa moyo mweupe kabisa: "Umekosea. Ungeandika sawasawa, ingesema."

Kesho yake nilimkuta nyuma ya darasa, anayabandua yale maharage, moja moja.