Geti la Pointe Marais linafungwa saa sita

“Mimi siendi, na usinipandishie sauti kwenye nyumba ya baba yako.”

“Sijapandisha sauti, Mama. Nakwambia geti linafungwa saa sita.”

“Si unalifunga wewe? Basi lifunge. Nani kakuzuia?”

Ni saa nne na nusu asubuhi, upepo bado wa kawaida tu. Alton Guidroz amesimama katikati ya jiko la mama yake, koti la mvua linachuruzika sakafuni. Mama yake, Verna, mwenye miaka sabini na mitatu, hata hamtazami. Anakoroga. Ana masufuria matatu makubwa ya gumbo motoni, ule mchuzi mzito wa kamba na bamia, maana huku kusini mwa Louisiana kimbunga kikitangazwa kila mtu anamwaga friza lake jikoni. Umeme ukikatika vitaoza. Kwa hiyo unapika vyote, unaita majirani, mnakula mpaka mnashindwa kuinuka, ndiyo mnaondoka.

Shida ni kwamba majirani wa Verna wameshaondoka. Kapikia mtaa mzima na mtaa haupo.

Alton ana miaka arobaini na moja na ni kibarua wa tuta. Anafyeka nyasi juu ya tuta la kuzuia maji, anatia grisi bawaba za mageti, na bahari ikipanda anayafunga. Geti la Pointe Marais linakata barabara kabisa. Nyumba ya mama yake iko upande wa nje, upande wa bahari. Likishafungwa halifunguliwi mpaka kimbunga kipite, apige simu nani apige nani.

Halafu jamaa huyuhuyu ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Anasomea usimamizi wa majanga na usalama wa nchi, masomo mawili kwa muhula, kwa sababu mshahara wa tuta haumruhusu zaidi. Mihadhara anaifuata kwa kompyuta ndani ya pikapu, kaegesha nje ya maktaba ili apate mtandao.

“Nusu ya masomo ni magaidi,” anasema. “Bandari, viwanja vya ndege, mambo hayo. Nilipomwambia Mama nasomea usalama wa nchi, alicheka wiki nzima.”

“Nisicheke kwa nini?” Verna anadakia bila kugeuka. “Gaidi aje Pointe Marais kutafuta nini, kamba? Kwa bei ya kamba ilivyo sasa, atarudi kwao analia.”

Alton hacheki. Anatazama saa ya ukutani.

“Mama, maji yatafika dirishani. Siyo ngazini, dirishani.”

“Baba yako hakuuawa na maji.”

Hapo ndipo ugomvi wao unapofikia kila mara, kwa baba.

Kimbunga kile cha mwisho, yeye ndiye aliyemtoa mzee. Elphege Guidroz, mvuvi wa samaki na kamba tangu utoto, alikataa kuondoka. Alton alibishana naye, akambembeleza, mwisho akambeba mpaka kwenye gari, mama yake akapanda nyuma. Wakaingia barabarani na nusu ya watu wa kusini wote, barabara moja hiyohiyo ya kwenda kaskazini. Magari hayakusogea. Jua likawa kali, wakazima kiyoyozi ili mafuta yasiishe. Mzee akaegemeza kichwa dirishani, wakadhani kalala. Walipogundua, hakukuwa na pa kwenda. Wakakaa naye mle ndani kwenye foleni mpaka jioni.

Kimbunga chenyewe kiligeukia pengine. Nyumba haikupoteza hata bati moja.

“Kauawa na barabara,” Verna anasema. “Kiti cha mbele, mkanda umefungwa vizuri kabisa. Mkanda ulimfunga wewe.”

“Najua.”

“Sasa umekwenda chuo ili uje kunifunga na mimi.”

Kwa kweli alikwenda chuo kwa sababu ya ile foleni. Alitaka kumjua mtu aliyepanga ile safari, amwangalie usoni. “Nikakuta hakuna aliyepanga,” anasema. “Walitangaza kwenye redio watu waondoke, wakaona kazi imekwisha.” Mwalimu wake amemkubalia kazi yake ya mwisho iwe juu ya barabara hiyo: mtaa gani utangulie, maji yawekwe wapi, wazee washushwe wapi wapate kivuli. Mwaka huu ameomba mabasi, ameomba mpaka watu wa ofisini wakawa wakimwona wanageuza njia. Mabasi yakaja.

“Yana kiyoyozi,” anamwambia mama yake. “Yako uwanja wa shule, ndani ya tuta. Yana nesi. La mwisho linaondoka saa sita na robo.”

“Umeyaona kwa macho yako?”

“Nimeyaona.”

“Na barabara?”

Angeweza kudanganya hapo. Mtu mwingine angedanganya, na pengine ingekuwa sawa.

“Kuna foleni,” Alton anasema.

“Kama ile?”

“Siyo kama ile.”

“Lakini foleni.”

“Foleni, Mama.”

Verna anaonja mchuzi, anaongeza chumvi.

Sheria haimruhusu mtu kumbeba mtu mzima mwenye akili zake. Na Alton alishabeba mmoja, hahitaji sheria kumkataza. Kilichobaki ni alichofundishwa darasani: mtu akigoma kuondoka, acha kubishana naye. Mpe makapeni, ile kalamu nene ya wino usiofutika, mwombe aandike jina lake mkononi ili maiti yake itambulike. Darasa zima lilicheka siku hiyo. Lakini inafanya kazi. Asubuhi hiyohiyo alimpa kalamu kijana mmoja wa ukoo wa Pitre aliyekuwa barazani na kaka yake wanakunywa bia. Wakacheka, wakatazamana mikono. Halafu kaka mtu akainuka kutafuta funguo za gari.

Kalamu iko mfukoni mwa koti tangu alipoingia humu. Anaitoa, anaiweka mezani kando ya bakuli la wali.

“Hiyo ya nini?”

“Unajua ya nini.”

Verna anazima moto wa sufuria moja, anajifuta mikono, anavuta kiti na kukaa. Anakunja mkono wa gauni mpaka juu ya kiwiko.

“Andika wewe,” anasema. “Mimi bila miwani sioni.”

Alton hasogei.

“Si ndiyo uliyosomea?”

Anapiga goti. Ngozi ya mama yake inateleza chini ya kalamu, inabidi aivute kwa kidole gumba ili herufi zikae. Anaandika pole pole, kama mtoto wa darasa la kwanza.

“Weka na Marie hapo katikati,” mama anamwelekeza. “Kuna Verna Guidroz mwingine, yule binamu wa baba yako, mwanamke mkorofi. Sitaki kulala kwenye kaburi lake.”

Anaandika Marie.

Redio ya kiunoni inakoroma. Sauti ya msimamizi wake: “Guidroz, uko wapi? Geti lako linakusubiri.”

“Nakuja,” anajibu.

“Shoka liko wapi?” anamuuliza mama. Wanaobaki huku huweka shoka darini, ili maji yakikufukuza mpaka juu upasue paa utoke. La mzee liko uvunguni mwa kitanda. Alton analileta, anampa. “Liinue nione.”

Verna analiinua mpaka kifuani. Halipandi zaidi, analishusha.

“Likinishinda nitagonga gonga paa kwa kisogo chake.”

“Nani atakusikia?”

“Wewe. Si utakuwa hapo ng'ambo ya geti?”

Alton anapanda ngazi, analiweka shoka darini karibu na mdomo wa ngazi, pembeni yake galoni mbili za maji. Anashuka.

Akimaliza chuo mwezi wa tano, anasema, anataka ofisi moja tu katika mkoa huu, ile inayoamua nani aondoke lini na kwa njia gani. Hataki cheo. Anataka wazee wa nje ya tuta watoke siku mbili kabla ya wengine wote, barabara ikiwa tupu, ili siku moja aweze kumwambia mtu hakuna foleni na iwe kweli.

“Mwezi wa tano nitakuja,” Verna anasema akimfungia sufuria kwa taulo. “Na lile gauni langu la bluu. Nikukute umevaa joho, siyo hilo koti.” Anamkabidhi sufuria. “Wale kule getini hawajala. Na sufuria yangu irudi.”

“Itarudi.”

“Haya nenda. Unaniingizia mvua.”

Anatoka. Upepo umeshabadilika, unaudaka mlango na kuubamiza ukutani. Alton anaiweka sufuria kwenye ngazi za nje, anaushika mlango kwa mikono miwili, anauvuta mpaka kitasa kinalia.