Lenzi ya Hatua Sitini

Mtaani walimwita Usicheke, na jina hilo lilimkaa mpaka wakwe zake wakasahau lile alilopewa na wazazi. Kwa miaka ishirini na tisa alikuwa akipiga picha za pasipoti, vitambulisho na leseni katika chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la vifaa vya umeme na saluni ya kinyozi. Ndani palikuwa na kigoda cha kuzunguka, shuka jeupe lililopigiliwa ukutani, taa mbili zenye miavuli, na kioo chenye kitana kilichofungwa kwa uzi ili kisitembee. Mteja akishakaa, maneno yalikuwa yale yale: "Kidevu juu kidogo. Masikio yaonekane. Usicheke." Na binadamu akikatazwa kucheka, kicheko humjia mbio.

Kazi yake yote aliifanya kwa umbali wa hatua mbili. Nyuso alizijua: nani alilala vibaya, nani ana safari asiyoitaka. Lakini ukizitazama picha za familia yake mwenyewe kwenye ukuta wa sebuleni, ungedhani watu wote wa nyumba ile wanasubiri viza. Hata mkewe siku ya harusi ya mdogo wake alisimama masikio wazi, kidevu juu, kama anayehojiwa.

Kifungua mimba wake alikuwa binti. Usicheke alikuwa amemwekea kigoda kile tangu utotoni. Alitarajia siku moja aketi pembeni asome gazeti huku binti akiwaambia watu wainue videvu. Binti hakutaka. Alikwenda chuo cha mitambo, akarudi na karatasi ya kuendesha kreni, zile ndefu zinazopandisha nondo na zege kwenye maghorofa. Picha ya leseni yake ilipigwa na baba huyo huyo, bila neno hata moja zaidi ya yale ya kila siku. Tangu hapo ilikuwa imepita miaka minne. Walikaa nyumba moja, wakala meza moja, wakaulizana habari za maji na umeme. Habari za kazi hakuna aliyezigusa.

"Nyie wawili," mkewe alimwambia siku moja, "mnasalimiana kama watu waliokutana kwenye foleni ya benki."

Yeye akajifanya anatafuta miwani.

Sasa, asubuhi moja aliingia kijana wa kusuka nondo, viatu vimejaa saruji, anataka picha ya kitambulisho. Walipokuwa wakisubiri taa zikolee wakapiga soga, na kijana akasema anafanya kazi kwenye ghorofa linalojengwa nyuma ya soko.

"Pale kuna dada anaendesha kreni," akasema. "Mzee wangu, yule akiwa zamu, mzigo unashuka kama mtu anamlaza mtoto mchanga. Akiwa mwingine, sote tunakaa roho juu. Bahati mbaya kreni inafunguliwa vipande iondolewe baada ya wiki tatu. Ghorofa limefika mwisho."

Dada wa kreni katika mji ule alikuwa mmoja tu. Usicheke alibonyeza kamera. Alikuwa amesahau kumwambia kijana asicheke, na kwa kuwa kijana alicheka, picha ile ilirudishwa na ofisi ya vitambulisho siku ya pili yake. Ilikuwa ya kwanza kurudishwa baada ya miaka mingi.

Jioni ya siku ile aliyokuja kijana, alipita nyuma ya soko. Aliinua shingo mpaka kofia ikamwanguka. Juu kabisa kulikuwa na kijumba cha vioo kilichoning'inia ubavuni mwa mlingoti, na ndani yake doa la rangi ya chungwa likisogea. Doa lile ndilo mwanawe. Alitoa simu akapiga picha. Kikatoka kitu kama inzi ndani ya chupa. Siku iliyofuata alikuja na kamera yake, ile ndogo ya kisasa isiyo na kioo cha kuakisi ndani, aliyoinunua mkononi mwa mtu baada ya ile ya zamani kufa. Lenzi iliyokuja nayo ilikuwa ya hatua mbili, ya videvu na masikio. Kijumba kikatoka kama kiberiti. Akakata shauri: lazima apate lenzi ya kuvuta.

Kwa nini hasa, hakujiuliza. Au alijiuliza, akalikwepa jibu.

Duka la lenzi zilizotumika lilikuwa kwenye ghorofa ya kwanza ya jengo la kale, juu ya ngazi zenye harufu ya gundi. Mwenye duka alikuwa mama wa makamo, penseli sikioni, aliyezoea kukiangalia kila kitu kwa jicho moja. Usicheke alipoingia, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye kabati la katikati. Humo lilikaa dude la lenzi, nene, jeupe, mdomo mpana kama bakuli.

"Hilo," akasema.

"Hilo bei yake ni ya pikipiki. Unapiga picha gani?"

"Za mtu. Yuko mbali."

"Usiku?"

"Mchana."

"Kwenye ukumbi wenye giza?"

"Nje. Juani."

"Basi unalipia giza la nini?" Mama akafunga kabati. "Mdomo ule mpana ni wa kuokota mwanga pale usipokuwepo. Wewe jua unalo, tena la bure. Mbali kiasi gani?"

Usicheke akafungua mikono, akaikunja. Hakujua.

"Nenda kapime," mama akasema. "Mtu hanunui viatu bila kujua mguu."

Alirudi nyuma ya soko. Mkabala na ujenzi palikuwa na nyumba ya kupangisha yenye paa bapa la kuanikia nguo. Alimwomba ruhusa mwangalizi wa nyumba, mzee mpole asiyetaka maswali mengi, akapanda. Kutoka huko kijumba cha kreni hakikuwa juu sana tena. Alishuka, akahesabu kwa miguu kutoka ukuta wa nyumba hadi kwenye uzio ulio karibu na mlingoti. Akakadiria kilichobaki. Hatua sitini.

Mama wa lenzi alipozisikia hatua sitini, aliweka tatu juu ya kitambaa cha kaunta. Ya kwanza ilikuwa nzito, ya enzi za kamera kubwa. Ingehitaji kiunganishi ili ikae kwenye kamera yake. Bei yake rahisi kuliko zote, na kioo chake safi. "Ila itakuchelewesha," mama alionya. "Kila ukitaka uso uonekane wazi, itakwenda mbele, itarudi nyuma, kama mtu aliyesahau alichofuata dukani." Ya pili ilikuwa nyepesi na fupi, ikivuta mpaka milimita mia mbili na kumi tu. Ya tatu ilifika mia tatu. Mwili wake umechubuka, kizuia jua cha mbele kimepotea, ila ndani ilikuwa na mtambo wa kutuliza mtikisiko.

"Usinisikilize mimi," mama akasema. "Jaribu."

Wakashuka barabarani wote wawili. Usicheke alihesabu hatua sitini kutoka mlango wa duka la dawa, akageuka, akalenga kibao chake. Kwa ya kwanza alipata picha mbili nzuri kati ya kumi. Kwa ya pili alisoma jina la duka bila shida, lakini namba ya simu iliyoandikwa chini ilikuwa ukungu. Ndipo alipogundua jambo ambalo kwenye hatua mbili, chini ya taa zake, halikuwahi kujitokeza: mikono yake inatetemeka. Si sana. Lakini mbali hufanya kidogo kuwa kikubwa.

Mama aliona. Akamfungia ya tatu. Usicheke akavuta mpaka mwisho, akabonyeza kitufe nusu, na kibao kilichokuwa kikicheza kikatulia kama kimeshikwa bega. Alisoma namba ya simu. Alisoma hata jina la mchoraji aliyejiandika pembeni kwa herufi za kujificha.

"Hii," akasema.

"Jua likizama itakusumbua," mama akasema. "Nakwambia mapema usije kunigombeza."

"Jua likizama na yeye hushuka."

Alimwachia mama kamera ya zamani ya video aliyokuja nayo iwe sehemu ya bei, akaongeza kilichopungua, akaondoka na lenzi imeviringishwa kwenye taulo.

Kesho yake saa nne asubuhi alikuwa kwenye paa, kati ya mashuka ya watu. Alivuta hadi mia tatu. Na hapo, ghafla, binti yake alikuwa mbele yake.

Alikuwa amevaa kofia ngumu, redio karibu na mdomo. Midomo ilisogea; alijibu jambo fupi, akatazama chini kati ya magoti yake, na mkono wa kulia ukasukuma kijiti cha kuendeshea taratibu mno, kama mtu anayefungua mlango wa chumba chenye mgonjwa. Uso wake wote ulikusanyika mahali pamoja. Nyusi zilikuwa zile za mama yake Usicheke, marehemu, alipokuwa akitunga uzi kwenye sindano. Usicheke alisahau kubonyeza. Kwa miaka minne alikuwa akimfikiria mtoto aliyekataa kigoda. Huyu aliyekuwa ndani ya vioo alikuwa mtu mzima anayeijua kazi yake.

Kisha akabonyeza, na hakuacha. Mzigo ulipotua salama, binti akavua glovu. Akainamisha kichwa, akaweka viganja usoni, na mabega yake yakaanza kutikisika. Usicheke alidhani anacheka. Alipoinua uso, ulikuwa umelowa. Alijifuta kwa mkono wa shati, akavaa glovu, akajibu redio.

Kidole cha baba kilikuwa kimeshabonyeza mara saba.

Alishuka ngazi za ile nyumba polepole kama aliyebeba kitu cha watu. Siku mbili alizitumia kufungua picha zile na kuzifunga. Hatimaye akamwonyesha mkewe. Mama watoto alizitazama moja moja, akamrudishia kamera.

"Nzuri," akasema. "Ulimwomba?"

"Ningemwombaje?"

"Kwa mdomo."

Jumamosi mchana binti alikuwa uani akisugua viatu vyake vya kazi. Usicheke alijipa moyo, akaburuta stuli, akaketi, akampa kamera bila utangulizi. Binti alitazama ya kwanza na ya pili huku akitabasamu kwa mshangao. Alipofika kwenye zile saba, tabasamu likakauka.

"Umenipiga lini hizi?"

"Jumatano."

"Ukiwa wapi?"

Akamwambia. Binti aliweka brashi chini.

"Baba, watu mia moja na ishirini wako chini yangu siku nzima, na wote wananiangalia mikono. Hakuna anayeniangalia uso. Pale juu ndipo mahali pangu pekee. Na wewe umeingia bila hodi."

Usicheke alitaka kujitetea, akaacha. "Nimekosa," akasema. "Nilitaka kukuona ukifanya kazi. Nikaona na nisichokaribishwa."

Jirani aliwasha redio, akaizima.

"Wiki ijayo kreni inafunguliwa," binti akasema mwishowe. "Kampuni haina ujenzi mwingine. Nikishuka, nimeshuka. Sina kazi. Sikusema hapa nyumbani kwa sababu nilijua utasema nini."

"Ningesema nini?"

"Kwamba kigoda kinanisubiri."

Usicheke alijikuna shingo. Angeweza kukana. "Wiki tatu zilizopita," akasema, "ningesema hivyo hivyo, tena kwa furaha." Kisha akamweleza habari za msuka nondo, neno kwa neno: mzigo unashuka kama mtu anamlaza mtoto mchanga. Binti aliinama haraka akaanza kusugua kiatu ambacho tayari kilikuwa safi.

"Alisema hivyo?"

"Akacheka hata picha yake ikarudishwa."

Zile saba walizifuta pamoja, binti akibonyeza mwenyewe. Ya mkono kwenye kijiti aliomba ibaki. Halafu baba akauliza swali ambalo lilikuwa limemkaa kooni tangu alipokuwa kwenye paa: mzigo ukiwa hewani na upepo ukaanza, anajuaje kwamba ni wakati wa kuacha? Binti akamweleza kwamba kuna kipimo kinachopiga kelele, ila yeye hujua kabla ya kipimo, kwa namna kamba ya chuma inavyobadilisha mlio. Akaiga mlio ule kwa mdomo. Akaurudia, kwa kuwa baba hakuusikia vizuri. Mkewe alipotoka na sinia la chai aliwakuta wote wawili wakivuma kama nyuki, akarudi ndani, akawaacha.

Siku ya mwisho ya kreni, Usicheke alipanda tena kwenye paa, safari hii msimamizi wa ujenzi akijua na binti akijua. Aliwapiga picha mafundi wote, juu na chini, na kila mmoja akapata nakala. Binti alikaa nyumbani miezi miwili na nusu, miezi mirefu, ambayo siku nyingine hakutaka kusemeshwa na mtu. Msimamizi ndiye aliyemtajia mji mwingine, kwenye ujenzi wa daraja, na huko akaajiriwa. Mitihani ya mwisho wa mwaka ilipokwisha, shule ya jirani ilimwita Usicheke kupiga picha za mahafali na riadha, na lenzi iliyochubuka ikapata kazi za kutosha kujilipia. Jua likizama kweli ilimsumbua, kama alivyoambiwa.

Binti hupiga simu Jumapili. Wiki iliyopita alisema kreni ya darajani ni ndefu mara mbili ya ile ya kwanza, na asubuhi ukungu ukiwa mzito huoni mto, unausikia tu. Baba akamuuliza, basi mzigo unautuaje usipoona chini? "Ngoja," binti akasema, "nitafute mahali pa kukaa, hii ni ndefu." Usicheke akavuta kiti.