Gorogoro Mbili za Tongaren

Niliondoka Nairobi mwezi wa kumi na moja, mwaka wa 1989, kwa sababu ya barua ya ukurasa mmoja iliyoandikwa kwa kalamu nyekundu. Aliyeiandika, Mwalimu Nekesa, alikuwa akifundisha chekechea huko Tongaren na, kwa kadiri nijuavyo, ndiye mtu wa kwanza nchini kukitumia kitabu changu. Kitabu chenyewe kilikuwa mwongozo wa walimu wa watoto wadogo: wafundishwe kwa mchezo, udongo, rangi, maji na nyimbo, badala ya kukariri herufi wakiwa wamepangwa kama magunia. Nilikiandika kwenye ofisi ya orofa ya nne, nikiwa na shahada mbili na mlango uliofungwa. Nyumbani, wanangu walipocheza, niliwafokea wanyamaze ili niandike vizuri kuhusu umuhimu wa mchezo.

Barua ilisema: "Habari ya kazi, Mwalimu. Ukurasa wa tisa unasema watoto wahesabu kombe za baharini. Bado tunatafuta. Jambo la pili, wazazi wanasema watoto wanacheza tu, na Jumamosi ijayo wataamua kama nitaondolewa. Wameshapata mzee mstaafu mwenye fimbo. Mimi nimefuata kitabu. Kama ni chako, njoo ukitetee."

Kuhusu kombe, afadhali nikiri mapema. Sehemu hiyo niliinakili kutoka kitabu cha ng'ambo, cha watu wanaoishi karibu na ufuo. Haikunijia akilini kwamba mtoto wa Tongaren angeweza kuzeeka bila kuona kombe hata moja.

Alhamisi jioni nilishuka Kitale, baridi ikinipenya koti, nikalala kwenye nyumba ya wageni. Ijumaa saa mbili asubuhi nilikuwa mtu wa kwanza dukani kwa mzee Harjit, Singasinga aliyeuza misumari, chaki na majembe kwenye kaunta moja. Nilinunua kalamu za rangi na karatasi za manila. Kisha, kwa aibu, nikamwuliza kama ana kombe za baharini.

Alinitazama juu ya miwani yake. "Rafiki, bahari iko mbali sana. Wewe potea njia?"

"Ni za watoto wa chekechea. Za kuhesabu."

"Hapa Kitale kila kitu iko ya kuhesabu. Mahindi iko. Maharagwe iko. Kwa nini sumbua bahari?" Alinifungia karatasi zangu, akaniongezea maboksi matupu matatu bila malipo. "Mtoto penda boksi kushinda kitu ndani. Mimi iko na wajukuu saba, mimi jua."

Mwongozo wangu ulikuwa na kurasa tisini, na hakuna hata moja iliyotaja boksi.

Saa tatu nilipata nafasi kwenye lori tupu lililokuwa likienda kuchukua mahindi. Lilikuwa juma la mavuno. Pande zote mbili za barabara mabua yalikuwa yamekatwa na kusimamishwa mafungu mafungu, mithili ya watu waliokuja kwenye baraza na kukuta chifu hajafika. Nilimweleza dereva ninakokwenda na kwa nini. Alicheka hadi akapunguza mwendo.

"Ati umetoka Nairobi kufundisha watoto kucheza? Bana, si hiyo wanajua?"

Saa tano nilifika. Chekechea ya Tongaren ilikuwa chumba kimoja cha udongo na mabati, lakini kelele zake zilitosha shule tatu. Mwalimu Nekesa, msichana wa miaka ishirini na kitu, alikuwa amepiga magoti sakafuni, mikono imejaa matope hadi kwenye viwiko.

"Karibu, Mwalimu. Nilidhani u mzee zaidi," alisema. "Kitabu chako kinazungumza kama mzee."

Alinionyesha darasa. Alikuwa amekigawa chumba katika kona nne: kona ya udongo, kona ya nyumbani, kona ya picha na kona ya kupimia. Kwenye kona ya picha walipaka rangi kwa mkaa na maua yaliyopondwa. Walihesabu kwa magunzi ya mahindi. Karibu kila nilichokiandika kilikuwepo, ila kilikuwa kimekata nywele na kuvaa nguo za kwao. Kona ya kupimia peke yake ndiyo ilikuwa imekwama. Watoto walipenda kupima mahindi kwa gorogoro, ule mkebe wa mafuta ya kupikia ambao soko zima huutumia kupimia nafaka, lakini wa kwao ulikuwa umeoza kwa kutu.

"Kesho wazazi wakija, kona hiyo itakuwa bure," alisema Nekesa.

"Niachie mimi," nikamwambia. Hayo ndiyo maneno ya pekee ya safari hiyo niliyoyatamka bila tanbihi.

Ijumaa jioni nilipokelewa na mwenyekiti wa kamati, Mzee Wafula, mfanyabiashara wa mahindi, kwa kuwa mgeni wa shule hulala kwa mwenyekiti. Huyu ndiye aliyetaka Nekesa aondoke. Kuku alichinjwa. Firigisi, ambayo kwa desturi ni ya mwenye nyumba, aliikata katikati akaniwekea nusu. Nikaitafuna, nikihisi hoja zangu nazo zikipungua nusu.

"Profesa," alisema, "mimi sina chuki na huyu msichana. Lakini mtoto akienda intavyu ya darasa la kwanza, akiulizwa herufi, atafanya nini? Ataimba?"

"Mzee, mimi si profesa."

"Utakuwa. Ongeza ugali."

Jumamosi alfajiri, kabla ya wengine kutoka, niliona gorogoro mbili zinaning'inia kwenye misumari ukutani mwa ghala. Mke wa Mzee Wafula, Mama Rosa, alikuwa akikamua ng'ombe. Nikamwomba niziazime kwa ajili ya watoto. "Chukua tu, mwanangu," alisema bila kugeuka. Nikazichukua zote mbili, nikijiona mtu wa maana sana.

Saa nne wazazi na watoto wao walijaa darasani. Nilianza mimi, kwa hotuba. Nilizungumza kuhusu ukuaji wa akili ya mtoto kwa dakika ishirini. Mama mmoja mbele yangu alimnong'oneza mwenzake kwa sauti ya kusikika hadi barabarani: "Huyu anasema nini?"

"Anasema watoto wacheze."

"Si wanacheza tayari?"

Baba mmoja akasimama. "Sisi tunataka kusoma na kuandika. Yule mzee wa fimbo atawafanya wakae." Vichwa vingi vilitikisika kumuunga mkono. Nilimtazama Nekesa. Macho yake yalikuwa kwenye vidole vyake. Ndipo akainua kichwa, akasema kwa upole, "Watoto, endeni kona zenu," na chumba kikageuka soko.

Kwenye kona ya kupimia alikuwapo Nanjala, msichana wa miaka mitano aliyezaliwa mwaka ule wa njaa na kupewa jina la njaa hiyo. Alijaza mahindi kwenye gorogoro moja hadi juu, akafuta kwa kiganja kama wafanyavyo sokoni, kisha akayamimina kwenye ya pili. Yakajaa, yakafurika, yakatawanyika sakafuni. Akakunja uso. Akayaokota, akamimina tena. Yakafurika tena.

"Mwalimu," akasema, "hizi si ndugu."

"Kwa nini, Nanjala?"

"Hii inashiba haraka." Akaipindua, akatia mkono ndani, kisha akautoa. "Tumbo yake imepigwa ngumi."

Kweli. Kitako cha mkebe kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani, kwa ustadi, kiasi kwamba kwa nje huwezi kujua. Hapo ndipo hata mimi, mwenye shahada mbili, nilipoelewa kwa nini mfanyabiashara wa mahindi alikuwa na gorogoro mbili: moja ya kununulia, moja ya kuuzia.

Mama Rosa alikuwa wa kwanza kuzitambua. Akajifunika uso kwa leso. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika.

"Na hizo zimetoka wapi?" akauliza mama yake Nanjala, akiwa anajua vizuri.

Watu wote wakamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akanitazama mimi. Natumaini sitatazamwa hivyo tena.

"Wafula, wooi!" mama Nanjala akapiga makofi. "Mimi nimenunua kwako miaka sita! Nilisoma mpaka la saba na sikuona!"

Kicheko kilianza kwa wanawake, kikawakumba wanaume, kikafika kwa watoto ambao hawakujua wanachekea nini. Mzee Wafula alijaribu kukunja uso, ukamshinda. Alipofaulu kuzungumza, alisimama akanyanyua mkono.

"Wazazi, mimi kama mfanyabiashara nasema hivi. Huyu mtoto asiende darasa la kwanza. Abaki hapa hapa, na mwalimu wake abaki naye. Akisoma zaidi ya hapa, nitafunga biashara."

"Na gorogoro?"

"Nitainyoosha."

"Inyooshwe sasa!" wakaitikia kina mama. Ikaletwa nyundo. Mzee Wafula mwenyewe akakigonga kitako kikarudi nje, na Nanjala akapima mara tatu kabla ya kukubali. Ndipo mikono ikainuliwa kumbakiza Mwalimu Nekesa. Hata yule baba aliyemtaka mzee wa fimbo aliinua wake, ingawa taratibu, kama mtu anayejikuna.

Jumapili asubuhi, nilipokuwa nikiondoka, Nanjala alikuja na mwalimu wake, amebeba mkebe mdogo uliofunikwa kwa jani la mgomba. "Mwalimu alisema wewe unapenda hizi," akaniambia, akakimbia.

Niliufungua Bungoma mchana, kwenye benchi la stesheni, nikisubiri gari la moshi. Ndani mlikuwa na magamba ya konokono, yameoshwa yakawa meupe. Darasa zima lilikuwa limetafuta mashambani muhula mzima ili kuutii ukurasa wangu wa tisa. Nilitoa kitabu changu na kalamu, nikafuta ile sentensi ya kombe, nikaandika: "Watoto wahesabu kilichopo kwao. Mwalimu anakijua." Ni sentensi fupi kuliko zote kitabuni, na ndiyo pekee ambayo sikuinakili popote.

Jumatatu jioni, nyumbani, binti yangu aliuliza ndani ya mkebe mna nini. Nikamimina magamba sakafuni. Mara kaka zake wakafika, mara ikawa duka, mara ikawa vita, na kelele zikapanda hadi kwa jirani. Mswada wa toleo la pili ulikuwa mezani ukinisubiri. Niliuendea mlango wa chumba changu cha kuandikia, nikaufunga, nami nikiwa upande wa nje.